Kutoka Santuri na Kaseti hadi Diski: Historia ya Kuokoa Sauti za Kale Nchini Rwanda na kwa Jirani Zake

Utangulizi

Katika lugha yoyote ile, maandishi ni sehemu ndogo tu ya yale ambayo wasemaji wake wamewahi kuyasema. Sehemu kubwa ilisemwa, ikasikika, kisha ikapotea. Ni tangu mwaka 1877, Thomas Edison alipounda fonografu, ndipo binadamu alipopata uwezo wa kuinasa sauti na kuisikiliza tena baada ya mwenyewe kunyamaza. Hata hivyo, chombo kilichoinasa sauti nacho huzeeka. Nta hupasuka, santuri huvunjika, utepe wa kaseti huachana na gundi yake. Kwa sababu hiyo, kila kizazi hulazimika kuhamisha sauti za wazee wake kutoka chombo kinachokufa hadi chombo kipya.

Makala haya yanaeleza kwa ufupi historia ya kazi hiyo ya kuhamisha, namna inavyofanywa, na kwa nini inatuhusu sisi tunaofundisha na kujifunza Kiswahili. Yamechochewa na kaseti moja. Ninaishi Masaka, katika wilaya ya Kicukiro, upande wa mashariki wa jiji la Kigali (wasomaji wasiichanganye na Masaka ya Uganda). Ni sehemu ambayo miaka michache iliyopita ilikuwa mashamba zaidi kuliko nyumba. Miongoni mwa majirani zangu wamo watu waliokulia uhamishoni Tanzania, Burundi, Uganda na Kongo, wakarejea baada ya mwaka 1994. Wengi wao wanazungumza Kiswahili vizuri kuliko wanafunzi wangu.

Mzee mmoja kati yao alinijia akiwa na diski mkononi. Akaniambia, "Mwalimu, wewe si unafundisha Kiswahili? Hebu nisikilizie mama yangu. Kuna neno hapa mwisho silipati."

Barua ya kaseti

Wasomaji wenye umri mkubwa watakumbuka desturi ya barua za kaseti. Mtu asiyejua kuandika, au aliyejua lakini alitaka asikike kwa sauti yake, alikaa mbele ya redio-kaseti, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akazungumza. Kaseti ilifungwa kwenye karatasi na kupewa msafiri. Mwaka 1989 mzee huyu alikuwa dereva Dar es Salaam, na mama yake aliishi Karagwe, kwenye makazi ya wakimbizi wa Rwanda. Mama hakujua kuandika. Alimtumia mwanawe kaseti ya dakika 60, nusu Kinyarwanda, nusu Kiswahili cha Kagera, akimweleza habari za nyumbani: mvua, migomba, nani kaoa, nani kafariki. Mwishoni aligusia ugomvi wake na mwanawe mkubwa, kaka yake mzee huyu, ambaye aliuza ng'ombe wa mama bila ruhusa.

Miaka kama kumi na minane baadaye, mzee aliipeleka kaseti hiyo kwa fundi mmoja mjini ili aihamishie kwenye diski. Alirudishiwa diski safi, isiyo na mvumo wala mikwaruzo. Alifurahi. Lakini kila alipofika mwisho, alisikia mama akisema "ni", kisha kimya kifupi, kisha "msamehe kaka yako". Ikawa ni kitendawili cha miaka mingi. Je, mama alisema "nimemsamehe", au aliuliza "nimsamehe?" Mwalimu yeyote wa sarufi ataona uzito wa jambo hili. Kati ya kauli hizi mbili kuna silabi moja tu, yaani kiambishi cha hali timilifu -me-. Lakini kwa mzee huyu silabi hiyo ilikuwa ni suala la familia. Mama alifariki mwaka 1991, kaka mtu akafariki baadaye, na watoto wake wapo.

Nitarudi kwenye kaseti hiyo. Kwanza tuangalie sauti za kale za nchi hii zilitokea wapi na ziko wapi.

Kutoka nta hadi utepe

Sauti za kwanza za Rwanda kunaswa zilinaswa kwenye silinda za nta. Mwanaanthropolojia Jan Czekanowski, Mpolandi, alifika Rwanda katika msafara wa Adolf Friedrich wa Mecklenburg wa mwaka 1907 na 1908, wakati Rwanda ilikuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Wajerumani. Silinda zake zilipelekwa Berlin, kwenye hifadhi ya sauti iliyoanzishwa na Carl Stumpf mwaka 1900. Mkuu wa hifadhi hiyo, Erich von Hornbostel, alizichambua nyimbo hizo katika maandishi yaliyotolewa mwaka 1917. Ikumbukwe kwamba Hornbostel huyohuyo alikwisha kuandika makala juu ya nyimbo za Wanyamwezi mwaka 1909. Kwa hiyo sauti za Rwanda na za Unyamwezi zilikaa pamoja katika kabati moja huko Ulaya.

Silinda moja ilibeba dakika mbili au tatu tu, na kila ilipochezwa sindano ililika nta. Wajerumani walitafuta dawa: walitengeneza kalibu ya shaba kutokana na silinda ya nta, na kwa kalibu hiyo wakaweza kutoa nakala nyingi. Kazi hiyo iliiharibu silinda ya asili. Kwa maneno mengine, uhamishaji wa sauti ulianza mapema sana, na tangu mwanzo ulikuwa na gharama yake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, sehemu kubwa ya hifadhi hiyo ilichukuliwa hadi Leningrad, ikarejeshwa Berlin ya Mashariki, na mwishowe ikarudi kwenye jumba lake la awali mwaka 1991. Mwaka 1999 UNESCO iliiingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia.

Baada ya nta zilikuja santuri za mizunguko 78 kwa dakika. Wasomaji wa jarida hili hawahitaji kukumbushwa habari za Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alisafiri na wenzake kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodi taarabu kwa Kiswahili. Santuri zile zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe. Ni ngumu, lakini huvunjika kama sahani ya udongo. Nyimbo nyingi za wakati ule zimetufikia kwa sababu tu kuna mtu aliyeifunga santuri kwenye kitambaa na kuiweka sandukuni. Mwaka 2007 kampuni ya Topic Records ya Uingereza ilitoa diski ya nyimbo za Kiswahili za Tanzania na Kenya za miaka ya 1920 hadi ya 1950, zilizohamishwa kutoka santuri za maktaba ya taifa ya Uingereza mjini London.

Utepe wa sumaku ulibuniwa na Fritz Pfleumer nchini Ujerumani mwaka 1928, na mashine ya kwanza ya kuutumia ikaoneshwa Berlin mwaka 1935. Baada ya vita mashine hizo zilienea duniani, na ndizo zilizotumiwa na Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika ya Mashariki, Kati na Kusini akirekodi. Mwaka 1950 alikuwa Tanganyika, Kenya na Uganda. Mwaka 1952 alikuwa Kongo na Ruanda-Urundi. Mwaka huohuo, mjini Jadotville (leo Likasi), alimrekodi kijana Mwenda Jean Bosco akipiga gitaa na kuimba kwa Kiswahili cha Katanga. Nchini Rwanda alirekodi ngoma na nyimbo za ikulu wakati wa Mwami Mutara III Rudahigwa. Kanda hizo ndizo msingi wa hifadhi aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954, ambayo sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes. Baadaye kampuni ya SWP ya Uholanzi ilizihamishia sehemu ya kanda hizo kwenye diski, zikiwemo za Rwanda za 1952, za ufalme wa Buganda na za Tanganyika.

Kaseti ndogo, ile tunayoijua sote, ilitolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963. Umuhimu wake katika historia ni mkubwa kuliko unavyodhaniwa. Kabla ya kaseti, aliyerekodi alikuwa mgeni mwenye mashine na msafara. Baada ya kaseti, alikuwa mtu yeyote: kwaya ya kanisa, mwalimu wa madrasa, bwana harusi, mama wa Karagwe. Hapa Kigali watu walirekodi hata matangazo ya redio. Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle ilianza mwaka 1963, na kuanzia mwaka 1965 hadi ilipofungwa mwaka 2015, mitambo ya redio hiyo ilikuwa Kinyinya, hapahapa Kigali, ikirusha matangazo kwa Afrika nzima.

Rwanda katika hifadhi za mbali

Hali ya Rwanda ina uchungu wake wa pekee. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliwaua pia wale waliobeba sauti za nchi. Cyprien Rugamba, mshairi, mtunzi na kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Amasimbi n'Amakombe, ambaye aliwahi kuongoza taasisi ya taifa ya utafiti mjini Butare, aliuawa Kigali tarehe 7 Aprili 1994 pamoja na mkewe Daphrose na baadhi ya watoto wao. André Sebanani, mwimbaji wa bendi ya Impala na mwigizaji wa michezo ya redio, aliuawa mwaka huohuo. Rodrigue Karemera naye hakupona. Nyumba ziliporwa na kuchomwa, na kaseti za watu zilikuwa ndani ya nyumba hizo. Kwa familia nyingi, kaseti iliyobaki si burudani bali ni mtu.

Wakati huohuo, sehemu kubwa ya rekodi za zamani za Rwanda zilikuwa salama, lakini mbali. Jumba la Makumbusho la Afrika la Tervuren, Ubelgiji, lina hazina kubwa ya rekodi za muziki wa Afrika ya Kati, za kale kabisa zikiwa silinda za nta za mwaka 1910. Wataalamu wake walirekodi sana Rwanda. Mmoja wao, Jos Gansemans, alitoa mwaka 1988 kitabu kikubwa juu ya ala za muziki za Rwanda. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000 jumba hilo lilianza kuzihamisha rekodi zake zote kwenye mfumo wa dijitali. Mwaka 2021 Ubelgiji iliikabidhi Rwanda nakala za dijitali za rekodi zaidi ya 4,000, ambazo zilipokewa na Inteko y'Umuco, taasisi ya taifa ya lugha na urithi wa utamaduni.

Hapa pana jambo la kutafakari. Kilichorudi ni nakala, na asili ilibaki Ulaya. Baadhi yetu tutasema hilo si haki. Wengine watasema kwamba, kwa upande wa sauti, nakala nzuri ina thamani sawa na asili, kwa sababu anayesikiliza hasikilizi utepe bali wimbo. Mimi nadhani pande zote mbili zina hoja, lakini swali kubwa zaidi ni jingine: nani atazisikiliza? Tuna mfano wa Kenya. Mwaka 1950, eneo la Kapkatet, Tracey alirekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba wimbo wa "Chemirocha", jina lililotokana na mwimbaji wa Marekani Jimmie Rodgers. Katika miaka ya 2014 na 2015, hifadhi ya Tracey ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi ilizirudisha rekodi hizo vijijini, kwa wazee na familia za walioimba. Kurudisha kwa namna hiyo ni zaidi ya kukabidhi kisanduku wizarani.

Kinachoharibika, na namna kinavyookolewa

Utepe wa kaseti ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa oksidi ya chuma kwa gundi. Sauti imeandikwa kwenye unga huo kwa nguvu ya sumaku. Unyevu unapoingia, gundi hulainika, na unga huanza kubanduka na kunata kwenye mashine. Mabonde ya Masaka yana unyevunyevu wa kutosha wakati wa mvua za masika, na kaseti iliyowekwa chini ya kitanda hupata kuvu jeupe kama la mkate. Kanda kubwa za miaka ya 1970 na 1980 zina ugonjwa huu zaidi, na mafundi huzikausha taratibu katika joto la kama nyuzi 50 za Selsiasi kwa saa kadhaa kabla ya kuthubutu kuzicheza. Kanda za zamani zaidi, za asetati, hunuka siki zinapoanza kufa. Mtu asijaribu kukausha kanda hizo kwa joto, wala asiweke kaseti ya nyumbani kwenye jiko.

Kazi yenyewe ina hatua ambazo si ngumu kuzielewa. Kwanza, kaseti inachunguzwa. Kile kipande kidogo cha sponji kinachousukuma utepe kwenye kichwa cha mashine mara nyingi kimebanduka. Kama ganda la kaseti lina skrubu, hufunguliwa, na kama limegundishwa, huvunjwa kwa uangalifu na utepe kuhamishiwa ganda jipya. Pili, utepe unazungushwa taratibu hadi mwisho na kurudishwa, ili mikunjo iachane. (Wengi wetu tuliifanya kazi hii kwa kalamu ya Bic, na bado ni njia nzuri.) Tatu, kichwa cha mashine kinasafishwa kwa spiriti. Nne, na hapa ndipo mafundi wengi wa mitaani huruka, pembe ya kichwa inarekebishwa kwa skrubu ndogo hadi sauti iwe kali kabisa. Mashine iliyorekodi na mashine inayocheza hazikuwa na pembe ileile, na tofauti ndogo sana hufifisha sauti nyembamba. Tano, mwendo unahakikishwa. Kaseti hutembea sentimita 4.76 kwa sekunde, na mashine ikienda haraka, mzee anakuwa kijana.

Ndipo sauti inaingizwa kwenye kompyuta. Kompyuta huipima sauti mara nyingi kwa sekunde na kuandika kila kipimo kwa tarakimu. Diski ya muziki iliyoanza kuuzwa mwaka 1982 hupima mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo kikiwa cha biti 16. Jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti na picha, IASA, hupendekeza hifadhi zitumie biti 24, na mara 96,000 kwa sekunde inapowezekana, katika faili za aina ya WAV zisizobanwa. Hesabu yake ni rahisi: saa moja ya sauti ya namna hiyo, kwa njia mbili, huchukua takriban gigabaiti 2, wakati diski ya kawaida hubeba megabaiti 700 tu. Kwa hiyo nakala ya kuhifadhi haiwezi kukaa kwenye diski ya muziki. Diski ni nakala ya kusikiliza. Fundi anayekukabidhi diski pekee amekupa kivuli.

Kusafisha sauti na hatari yake kwa lugha

Tumefika mahali panapotuhusu zaidi sisi wanalugha. Kurejesha sauti ya kale ni kuondoa kile ambacho hakikusemwa: mlio wa umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, mikwaruzo ya sindano, mvumo wa utepe. Programu za kompyuta hufanya hivyo vizuri sana, na hapo ndipo hatari ilipo. Mvumo wa utepe unafanana na konsonanti zetu. Sauti s, sh, f na h kwa hakika ni mivumo ya hewa mdomoni, na nguvu ya s iko juu, zaidi ya mizunguko 4,000 kwa sekunde. Programu haijui Kiswahili. Inapoambiwa iondoe mvumo, huondoa mvumo wa utepe na mvumo wa meno kwa pamoja. Msemaji anabaki na irabu, kama mtu aliyeng'olewa meno ya mbele.

Kuna programu nyingine inayofunga sauti kabisa kila inapopungua chini ya kiwango fulani, ili kati ya maneno kuwe kimya kitupu. Ni nzuri kwa ngoma. Kwa mazungumzo ni hatari, kwa sababu Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho na kuzilegeza nyingine. Viambishi vya njeo na vya ukanushi, ambavyo hubeba maana nzima ya kitenzi, mara nyingi hukaa kwenye silabi zilizolegea. Mzee aliyechoka, mwishoni mwa sentensi, huzitamka kwa sauti ya chini kabisa. Programu huziona kuwa ni kelele, na huzifunga.

Hili si suala la wasomi peke yao. Hapa Masaka kuna kituo cha Umoja wa Wasioona wa Rwanda. Kwa asiyeona, sauti iliyorekodiwa ni ukurasa, na konsonanti iliyofutwa ni herufi iliyofutwa.

Kanda kama ushahidi

Rwanda ina sababu nyingine ya kuiheshimu kanda isiyoguswa. Kati ya Julai 1993 na Julai 1994, redio ya RTLM ilichochea chuki na mauaji. Baadhi ya matangazo yake yalibaki kwenye kaseti, na kaseti hizo zilisikilizwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda mjini Arusha, katika kesi ya vyombo vya habari iliyotolewa hukumu tarehe 3 Desemba 2003 na ya rufaa Novemba 2007. Kaseti iliyosafishwa, iliyokatwa mwanzo au mwisho, ingempa wakili wa utetezi nafasi ya kuuliza: umeondoa nini kingine? Mahakama ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2015, na kumbukumbu zake zimehifadhiwa Arusha katika jengo lililofunguliwa mwaka 2016.

Hali kadhalika, mahakama za Gacaca, zilizofanya kazi kuanzia mwaka 2002 hadi zilipofungwa Juni 2012, ziliamua karibu kesi milioni 2 na kuacha kurasa zinazokadiriwa kufikia milioni 60, pamoja na maelfu ya kanda za sauti na picha. Kazi ya kuzihamisha kwenye mfumo wa dijitali ilianza mwaka 2015. Ndani ya kanda hizo kuna watu wanaosema ni wapi walizikwa watu wa wengine. Silabi moja ikipotea pale, si sarufi inayopotea.

Kutokana na haya, kanuni ya kwanza ya hifadhi zote makini ni hii: nakala ghafi, yenye mvumo na mikwaruzo yake yote, hutunzwa milele. Usafi hufanywa kwenye nakala ya nakala. Na kaseti ya asili haitupwi.

Diski nayo si mwisho

Katika miaka ya 2000 wengi wetu tuliamini kwamba tukishahamishia kaseti kwenye diski, kazi imekwisha. Tulikosea. Diski zilizochomwa nyumbani zina tabaka la rangi linalofifia kwa joto na mwanga. Nyingi za wakati ule leo hazisomeki, na kompyuta mpya hazina hata mahali pa kuingiza diski. Mwaka 2019 UNESCO na IASA walifanya uchunguzi wa dunia nzima juu ya kanda za sumaku, wakionya kwamba kufikia takriban mwaka 2025 mashine za kuzichezea, vipuri na mafundi vingekuwa adimu kiasi cha kuifanya kazi hiyo iwe ghali mno au isiwezekane. Mwaka huo umepita. Mashine bado zipo, lakini nenda ukatafute ukanda wa mpira wa kuendeshea redio-kaseti ya miaka ya 1980 katika maduka ya Kigali, utaelewa onyo lile lilikuwa na maana gani.

Kwa hiyo hakuna chombo cha mwisho. Kilichopo ni desturi ya kuhamisha: nakala tatu, katika aina mbili za vyombo, moja ikikaa mbali na nyumbani, na kila baada ya miaka michache mtu azifungue na kuzisikiliza.

Hitimisho

Nilimwuliza mzee kama kaseti yenyewe bado ipo. Alisema alidhani imetupwa. Wiki mbili baadaye alirudi nayo. Mkewe aliikuta katika kopo la vifungo. Sponji ilikuwa imebanduka na utepe una mkunjo, lakini ganda lake lilikuwa la skrubu. Tulilihamisha ganda, tukasafisha kichwa cha mashine ya kuazima, nikazungusha ile skrubu ya pembe robo mzunguko, huku mzee akisikiliza na kunyoosha kidole kila sauti ilipong'aa. Hatukusafisha chochote. Mvumo ulikuwa mwingi. Nyuma ya mama tulisikia kuku, na mtoto anayeitwa aende kuteka maji, mambo ambayo kwenye diski hayakuwapo kabisa. Na mwishoni, kwa sauti ndogo lakini bila shaka yoyote: "nimemsamehe kaka yako."

Mzee alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi itabidi niwaambie watoto wake." Akaomba nakala mbili zaidi.

Nayaandika haya kwa wenzangu na kwa wanafunzi wetu kwa sababu tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda, na tunahangaika kutafuta matini za kufundishia. Tunaagiza vitabu kutoka Dar es Salaam na Nairobi, nasi hufanya vyema. Lakini katika makopo ya vifungo na chini ya vitanda vya Masaka, Kabuga, Nyamirambo na Rusizi kuna Kiswahili cha Karagwe, cha Bujumbura, cha Bukavu na cha Kampala, kilichosemwa na watu ambao hakuna aliyewahi kuwahoji. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu anaweza kuanza kwa kaseti moja, kwa ruhusa ya mwenyewe: aihamishe bila kuisafisha, aandike tarehe, mahali na jina la msemaji kama familia inaridhia, ainukuu neno kwa neno, na nakala ya kwanza airudishe kwa mwenye kaseti kabla ya kuileta idarani.

Aanze mapema. Mashine zinapungua, na wale wanaoweza kutuambia ni sauti ya nani hiyo wanapungua pia.